Jengo la maduka la zamani: tulivalishe mapaneli ya alumini, au shida si ukuta?

#1 Mpangaji Sugu
Wakuu, heshima kwenu. Jengo letu la maduka ni la ghorofa mbili, la enzi zile za kuta ndefu zisizo na dirisha hata moja. Kwa nje lipu imepauka, malumalu zimebanduka pande mbili, mabango kila mtu na saizi yake, na dari ya kibaraza cha mbele imelegea. Juzi mwenye jengo katuita wapangaji, katuonyesha mchoro: uso wote wa mbele unafunikwa kwa mapaneli ya alumini ya kijivu kilichokoza, halafu mistari ya taa inapita katikati. Anasema wateja wamepungua kwa sababu ya sura ya jengo.

Mimi naona anampaka mgonjwa poda. Wenzangu wananiambia napinga maendeleo. Mliowahi kushiriki kazi hizi: sura mpya ya nje inarudisha watu kweli? Na kama inarudisha, ni kipi hasa kinachowarudisha?

#2 Navuta Kiti
Natia nanga. Mafundi na wasanifu wakikutana humu lazima kiumane.

#3 Riveti
Mwenye jengo hajakosea. Mapaneli nimefunga sana, najua kwa nini watu wanayachagua. Ni mepesi, yanakatwa na kukunjwa karakana, yanakuja na rangi yake tayari, na maduka hayafungwi kwa sababu hakuna lipu mbichi wala vumbi la kutindua ukuta mzima. Nyuma yake unaacha pengo la hewa. Mvua ikipenya kwenye viungio inateremka humo na kutokea chini, na jua linapiga paneli badala ya kupiga ukuta. Ukuta mbovu unabaki nyuma, mteja hauoni tena.

Ukipaka rangi tu, misimu michache ya mvua utakuwa umerudi juu ya jukwaa la ujenzi.

#4 Fundi Nyundo
Riveti, hapo kwenye "mteja hauoni tena" ndipo uliponitisha. Maana na fundi hatauona tena.

Mleta uzi, hizo malumalu zimebanduka sehemu gani? Chini, katikati, au juu karibu na ukingo wa paa?

#5 Mpangaji Sugu
Juu, chini kidogo ya ukingo. Na kwenye kona inakoshuka bomba la maji ya mvua. Kuna michirizi ya kahawia na ya chumvi nyeupe.

#6 Fundi Nyundo
Nilijua. Basi usizungumzie ukuta kabla hujapanda juu ya paa. Majengo ya aina hiyo yana paa bapa lililofichwa nyuma ya ukuta mfupi wa ukingo. Juu ya ukuta huo kuna kofia ya bati au ya zege, na viungio vya kofia vikifunguka maji yanaingia kutoka juu, yanashuka ndani ya ukuta, yanatafuta pa kutokea. Yakitokea nyuma ya malumalu, yanaisukuma. Kwa hiyo watu wanalaumu gundi ya malumalu wakati aliyekosea ni aliyesahau kuziba kofia.

Shika nyundo ndogo ya mpira au ya mbao, gonga ukuta mzima kwa mpangilio, mita kwa mita. Panapolia wazi, weka alama ya chaki. Ukimaliza, simama mbali uangalie chaki imekusanyika wapi. Hapo utakuwa na ramani ya maji. Nyumba nyingi za maduka nilizogonga, chaki ilikaa chini ya mifereji na kwenye mashimo ya skrubu za mabango ya wapangaji waliohama. Kila anayehama anang'oa bango lake na kuacha matundu, hakuna anayeziba.

Ukifunga mapaneli juu ya hali hiyo unakuwa umefunga kidonda kikiwa na usaha.

#7 Zege Hailali
Mzee wa nyundo nakubaliana nawe kwa sehemu tu. Chumvi nyeupe ni ushahidi kwamba maji yamepita, lakini haikuambii yametoka juu. Yanaweza kutoka kwenye lipu yenyewe, au kupanda kutoka chini, au mvua ya upepo kupiga ukuta moja kwa moja. Na ule ukahawia usikimbilie kusema nondo imeoza. Bolti za bango la zamani zinachafua ukuta vizuri tu.

Ila kama ni nondo, hapo pana kazi. Zege jipya lina ualkali mkali, ndio unaoilinda nondo. Hewa ya ukaa inaingia taratibu miaka na miaka na kuupunguza. Siku ikifika kwenye nondo, kutu inaanza, na kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwepo. Zege halina uwezo wa kutanuka, linapasuka. Kuna dawa ya kunyunyiza kwenye zege lililovunjwa muda huo huo: palipo salama panageuka zambarau ya waridi, palipopoteza ualkali panabaki bila rangi. Kipimo rahisi mno, na kinasema ukweli kuliko mchoro wowote wa kompyuta.

Na Riveti atuambie: hizo fremu za mapaneli zinashikwa na nini? Na bolti. Bolti inaingia wapi? Kwenye zege hilo hilo. Upepo ukivuta paneli, anayevutwa ni ukuta ulioambiwa hauonekani tena.

#8 Riveti
Hakuna fundi makini anayefunga fremu bila kuzivuta bolti za majaribio kwa kifaa na kuandika zilihimili kiasi gani. Msituchukulie wote kama walevi.

#9 Zege Hailali
Wewe makini, sawa. Nauliza kama mchoro aliouona mleta uzi una kipimo hicho.

#10 Mwana Maegesho
Mnabishana bolti wakati swali ni wateja. Mteja hajui nondo. Tazameni jengo lilivyozaliwa. Kituo cha kwanza cha maduka duniani kilikuwa Southdale, Minnesota, Marekani, 1956, kazi ya msanifu Victor Gruen. Maduka yote yanatazama ndani, kwenye ukumbi wenye paa na hewa iliyopozwa, na nje ni kuta tupu zilizozungukwa na bahari ya magari. Dunia nzima ikaiga. Kwa hiyo uso wa nje wa jengo la namna hiyo kwa kweli ni mgongo. Ukuta usio na duka nyuma yake hauna la kumwambia mpita njia, hata ukiuvisha dhahabu.

#11 Mchora Ramani
Marekebisho madogo kwa #10. Southdale ilikuwa ya kwanza kufunikwa kabisa na kupozwa hewa ndani, si kituo cha kwanza cha maduka. Gruen mwenyewe alikuwa ameshajenga Northland karibu na Detroit, ilifunguliwa 1954 na njia zake zilikuwa wazi juu. Ukitaka maduka chini ya paa moja, Galleria Vittorio Emanuele II ya Milano ilikamilika 1877. Na hiyo uso wake wa nje ni lango kubwa la kifahari, si mgongo. Kwa hiyo si lazima maduka ya ndani yawe na ukuta bubu nje, huo ulikuwa uchaguzi wa watu wa magari.

La kuchekesha ni kwamba Gruen uzeeni aliyakana majengo hayo. Alikuwa na ndoto ya kituo chenye makazi, shule na huduma, wawekezaji wakachukua maduka na maegesho tu.

#12 Mwana Maegesho
Asante kwa darasa mwalimu. Hoja yangu inasimama.

#13 Bi Dirisha
Inasimama kabisa, na inasaidia kupata jibu. Badala ya kuvisha ukuta, toboeni ukuta. Chagueni upande unaopitwa na watu wengi, maduka ya upande huo yapate vioo na milango ya nje. Mtu anayepita aone bidhaa, aone watu, aone kuna uhai. Kazi tuliyofanya kwenye jengo kama hilo, bajeti ya mapaneli ilipunguzwa nusu, iliyobaki ikaenda kwenye vioo vya chini na kibaraza kipana cha kivuli. Ghorofa ya juu ilisafishwa ikapakwa rangi, basi. Hakuna mtu anayetembea akitazama ghorofa ya juu. Macho yake yako usawa wa mlango.

Tahadhari: si kila ukuta unatobolewa. Kama ni ukuta uliobeba sakafu ya juu, mhandisi aseme kwanza, boriti ya chuma iingie kabla ya tofali la kwanza kutoka. Vioo viwe vya tabaka mbili zilizogandishwa pamoja, vikivunjika vinabaki kwenye fremu. Na upande wa jua la jioni msiweke kioo bila kivuli, mtapika wauzaji.

#14 Mpangaji Sugu
Bi Dirisha, hilo hata halikutajwa kwenye kikao. Ila najua jibu nitakalopewa: mwenye duka la ndani atalalamika kwamba wa nje wamependelewa.

#15 Kaunta ya Nyuma
Mimi ndiye huyo wa ndani. Jengo nililokuwa nimepanga lilifunguliwa maduka kwa nje kama anavyosema Bi Dirisha. Lilipendeza. Watu wakaanza kununua kwa nje na kuondoka bila kuingia. Ukumbi wa ndani ukawa wa kupigia mwangwi. Kwa hiyo msiseme "uhai" bila kuuliza uhai wa nani.

#16 Bi Dirisha
Dada, hilo ni kweli na linatokea. Dawa yake ni duka la nje liwe na mlango wa ndani pia, na mlango mkuu uwekwe pale pale penye vioo, mtu avutwe kuingia. Wenye maduka wengi hawapendi milango miwili kwa sababu ya wizi na mfanyakazi wa ziada. Hapo sina jibu zuri.

#17 Taa ya Kona
Nimesoma kurasa zote, hakuna aliyegusa usiku. Jengo kuukuu mchana linaonekana kuukuu. Usiku linaonekana la hatari. Na watu wengi wananunua wakitoka kazini, jua likiwa limeshazama.

Hiyo "mistari ya taa" ya kwenye mchoro ni pambo. Inang'aa machoni, chini giza. Anzeni na dari ya kibaraza: ibadilishwe, iwe nyeupe au ya rangi ya mbao, taa zimulike chini na nyingine ziogeshe ukuta. Njia kutoka maegesho hadi mlangoni isiwe na shimo la giza katikati. Na mchague rangi moja ya mwanga: kelvini 3000 ni ya joto, 4000 ni nyeupe. Kinachofanya jengo lionekane la mitumba ni balbu moja ya njano, ya pili ya buluu, ya tatu inapepesa.

Kazi hiyo ni ndogo kuliko ukuta wote wa mapaneli, na unaweza kuipima. Jengo moja tulianza na taa na dari pekee, wapangaji wakaomba muda wa kufunga uongezwe jioni.

#18 Navuta Kiti
Mpaka sasa: tatizo ni maji, hapana ni bolti, hapana ni mgongo, hapana ni dirisha, hapana ni taa. Bado nani?

#19 Zamu ya Usiku
Bado moto. Nashangaa tumefika #18 hakuna aliyetaja.

Paneli hizo kwa kawaida zina unene wa milimita 4: ngozi mbili za alumini za nusu milimita, na katikati kiini. Kiini hicho kikiwa poliethilini tupu, yaani plastiki, umefunga mafuta yaliyoganda kwenye jengo lako. Na lile pengo la hewa ambalo Riveti kalisifia linakuwa bomba la kupandishia moto. Grenfell Tower, London, 14 Juni 2017: watu 72 walikufa, na mapaneli yalikuwa yamefungwa katika ukarabati uliokamilika mwaka mmoja tu kabla. Torch ya Dubai iliwaka uso wa nje 2015, ikawaka tena 2017.

Najua hayo ni maghorofa marefu ya makazi, na jengo la ghorofa mbili watu wanatoka haraka. Lakini jengo la maduka lina jiko la mgahawa, stoo za maboksi, transfoma, na taa za mabango zilizounganishwa na kila aina ya fundi. Waya wa bango unapita nyuma ya paneli. Sihitaji kuendelea.

#20 Riveti
Zamu ya Usiku, sikupingi, ila weka yote mezani. Kuna viini vya aina tatu sokoni. Cha poliethilini tupu, cha kuchanganywa madini ili kichelewe kuwaka, na kile ambacho karibu chote ni madini, hicho karibu hakina cha kuwaka. Kwa nje vyote vinafanana kabisa. Watu wanaita zote "Alucobond" hata zisipotoka kwa hao wenye jina, ndipo udanganyifu unapoingia: kwenye karatasi kimeandikwa kiini cha madini, gari linashusha plastiki.

Ushauri wangu kwa mleta uzi: dai kipande kutoka kwenye mzigo ulioshushwa, si kwenye sampuli ya ofisini, kipelekwe maabara. Na kila sakafu kuwe na kizuizi cha moto kwenye pengo. Kontrakta akianza kujikuna ukitaja kizuizi, mwache.

#21 Zamu ya Usiku
Hapo umesema. Nafuta nusu ya povu langu.

#22 Njiwa Hatari
Samahani kwa kuchepusha mada. Mkishamaliza moto, njiwa. Kila ukingo bapa mnaouchora ni kitanda. Jengo letu lilifungwa mapaneli safi, ndani ya mwaka kila pengo la chini ya bango lilikuwa na kiota, na michirizi ya kinyesi ilikuwa ndiyo mapambo makuu. Kijivu kilichokoza kinaonyesha vizuri sana.

#23 Bi Dirisha
Si kuchepusha hata kidogo. Ukingo uinamishwe nyuzi 45 au zaidi, njiwa anateleza. Matundu ya chini ya pengo la hewa yafungwe kwa wavu wa chuma cha pua, hewa na maji vipite, ndege asipite. Ukisubiri kuja kuweka miiba baadaye, umechelewa, na miiba yenyewe inakusanya majani wanayojengea.

#24 Navuta Kiti
Njiwa anajenga nyumba kwa miiba aliyowekewa afukuzwe. Huyo ndiye kontrakta wa kumpa kazi.

#25 Mchora Ramani
Kwa wanaosema sura ya nje haina maana, mifano ya upande wa pili ipo. Duka kubwa la Galleria la Seoul, Korea Kusini, lilikuwa sanduku la zege karibu lisilo na madirisha. Wasanifu wa UNStudio mwaka 2004 wakalivika visahani 4,330 vya vioo vyenye taa nyuma, zege lile lile likabaki ndani. Likawa alama ya mtaa. Hapo hawakutoboa ukuta.

Na Marekani kulikuwa na maduka ya BEST. Miaka ya 1970 kundi la wasanifu la SITE liliyachorea nyuso za ajabu. La Houston, 1975, ukingo wa juu ulijengwa kama uliobomoka, na matofali yakiwa yamemwagika juu ya kibaraza. Ndani ni duka la kawaida la bei ya chini. Watu walikwenda kulipiga picha.

#26 Kaunta ya Nyuma
Kwa hiyo la mleta uzi lililobanduka malumalu tayari ni sanaa. Mwenye jengo aongeze kodi.

#27 Mchora Ramani
Hahaha. Usimpe wazo.

#28 Fundi Nyundo
Mchora Ramani, malizia hadithi. Hayo maduka ya BEST yako wapi leo? Kampuni ilikufa, nyuso nyingi zilibomolewa au kusawazishwa zikawa kuta za kawaida. Moja la Richmond lenye miti ukutani limegeuka kanisa. Sura haikuokoa biashara.

Na Selfridges ya Birmingham, duka kubwa la Uingereza, ile ya visahani 15,000 vya alumini juu ya ukuta wa buluu, ilifunguliwa 2003 na haikumaliza miaka 20 kabla ya uso wake kuhitaji ukarabati mkubwa. Kadiri uso unavyokuwa na vipande vingi ndivyo unavyokuwa na viungio vingi, na kila kiungio ni mdomo wa maji.

#29 Mchora Ramani
Biashara ya BEST kufa hakuna uhusiano na matofali. Na jengo la Birmingham bado ni kadi ya posta ya mji ule. Jengo kukarabatiwa baada ya miaka kumi na kitu si aibu, hata lipu yako inahitaji kuguswa kabla ya hapo.

#30 Riveti
Narudi kwenye hiyo rangi, maana mmeipita. Kijivu kilichokoza juani kinachemka. Alumini inatanuka: paneli ya mita 6, tofauti ya joto ya nyuzi 50 kati ya alfajiri na mchana, inaongezeka kama milimita 7. Fundi akiipiga riveti kila upande bila kuiachia nafasi, itavimba katikati, ukisimama pembeni jioni unaona mawimbi. Mteja anasema "mapaneli mabovu." Hapana, hayakupewa pa kupumulia. Tumieni vipande vifupi, matundu yenye nafasi upande mmoja, na rangi nyepesi zaidi.

Pia msichanganye alumini na chuma cheusi bila kitenganishi. Vikilowa pamoja kimoja kinamla mwenzake.

#31 Daftari la Wapangaji
Nimesimamia majengo ya kupangisha. Nawaambia ukweli mchungu wa hesabu: hakuna anayejua ukarabati umeleta wateja wangapi. Kwa nini? Kwa sababu hakuna anayekarabati nje peke yake. Siku jukwaa linaposhushwa ndiyo siku hiyo hiyo mpangaji mkubwa mpya anafungua, maegesho yamechorwa upya, choo kimetengenezwa, na kuna matangazo. Watu wakijaa, msanifu anasema ni uso, mwenye taa anasema ni taa, na supamaketi inajua ni yeye.

Nilichokiona mimi ni kwamba uso mpya unamvuta mpangaji kabla ya kumvuta mteja. Mwenye duka la jina hakubali kuweka nembo yake kwenye ukuta unaochuruzika. Akija, wateja wanamfuata. Kwa hiyo mwenye jengo anaweza kuwa sahihi kwa sababu asiyoitaja kwenye kikao. Pengine hataki wateja wenu warudi, anataka wapangaji wengine.

#32 Mpangaji Sugu
Daftari, umenikosesha usingizi wa leo.

#33 Kaunta ya Nyuma
Pole. Soma mkataba wako sehemu ya gharama za pamoja. Uso wa jengo ukiandikwa "matengenezo", unagawanywa kwa wapangaji. Ukiandikwa "uboreshaji", kwa mikataba mingi ni mzigo wa mwenye mali. Kabla ya kubishana rangi, jua unalipia kipi. Na kabla jukwaa halijasimama mkubaliane bango lako litaonekanaje. Sisi tulifunikwa na wavu wa kijani msimu wa mauzo, watu wakadhani tumehama.

#34 Taa ya Kona
Hilo la mabango lichukueni kwa uzito. Ukanda mmoja wa mabango, urefu mmoja, herufi za kusimama badala ya masanduku ya plastiki yenye taa ndani. Jengo lisilopakwa chochote likipangwa mabango tu linapungua umri. Lakini mpangaji wa kwanza kukataa atakuwa mwenye bango kubwa kuliko yote.

#35 Mwenye bango kubwa
Nimejiunga leo kujibu hilo tu. Bango langu ndilo linaloonekana kutoka barabarani, na ndilo linalowaleta watu kwenye maduka yenu madogo. Mkilishusha liwe saizi moja na la fundi saa, mtanitafuta.

#36 Navuta Kiti
Karibu jukwaani mkuu, umefika kwa kishindo.

#37 Mpangaji Sugu
Mrejesho. Tumekaa tena na upande wa mwenye jengo. Nilipeleka maswali matatu: paa limekaguliwa? Kiini cha paneli ni kipi? Bolti zimejaribiwa? Paa walisema "litaangaliwa baadaye". Kiini hakikuandikwa popote kwenye michoro. Bolti, msanifu aliandika kwenye daftari lake. Kwa dirisha za nje walisema ni wazo la awamu ya pili. Taa za kibaraza wamekubali zianze. Mlango mkuu una ngazi tano na hakuna njia ya kiti cha magurudumu, hilo aliliibua mama mmoja wa duka la vitambaa, wote tukanyamaza.

#38 Bi Dirisha
Huyo mama apewe kiti cha mbele. Njia ya mwinuko isizidi 1 kwa 12, maana yake kila sentimita 10 za kupanda zinahitaji sentimita 120 za urefu. Ngazi tano za kawaida ni kama sentimita 75, kwa hiyo mita 9 za njia, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia. Hiyo inabadilisha mlango wote, kibaraza chote, na pengine mchoro wote. Ndiyo maana inatakiwa ije kwanza, si awamu ya pili. Na anayesukuma mkokoteni wa mzigo au gari la mtoto atapita hapo hapo.

#39 Fundi Nyundo
"Paa litaangaliwa baadaye." Baadaye ya nini? Mapaneli yakishafika juu ya ukingo, kofia mpya ya ukingo ndiyo inayoyafunika. Ukirudi kuziba paa utaifungua kofia hiyo hiyo. Anza juu, shuka chini. Nyumba hainyeshewi kutoka chini.

#40 Zege Hailali
Inanyeshewa kutoka pembeni, nimekwambia tangu #7.

#41 Fundi Nyundo
Njoo na dawa yako ya zambarau, mimi nakuja na nyundo, tuone nani anapata kwanza.

#42 Daftari la Wapangaji
Mkimaliza mashindano, mleta uzi aombe jambo moja: wafunge paneli kwenye kipande kimoja cha ukuta, kona ile ile mbovu yenye bomba, kuanzia ukingo hadi chini, kikae msimu mzima wa mvua kabla ya kuagiza mzigo wote. Mwenye jengo akikataa, amwombe aandike sababu.

#43 Riveti
Msimu mzima? Bei ya alumini haitakungoja. Wiki mbili na mpira wa maji unatosha.

#44 Zege Hailali
Mpira wa maji hauna upepo, Riveti.